Mfungaji wa Beshiki na Mtoto Aliyetazama Shanga

Hapa mtaani kwetu, pembezoni mwa mji wa Kokandi, ukisikia "mwiteni Hosiyat" huna haja ya kuuliza kuna nini. Kuna mtoto mchanga. Hosiyat ndiye aliyekuwa akiwafunga watoto katika beshiki, kitanda cha mbao cha kubembeza, na kazi hiyo aliianza akiwa na miaka ishirini na tisa, pale mama mkwe wake alipovunjika nyonga. Hakulipwa mshahara. Alipewa kipande cha kitambaa, mikate miwili na sahani ya pilau, halafu neno lake likawa na uzito kuliko langu mimi niliyekaa darasani miaka mitatu kusomea uuguzi. Hilo lilinikera na wala sitaficha.

Mimi ni Robiya, muuguzi wa kupita nyumba kwa nyumba. Naingia nikiwa na mizani begani, natoka tumbo limejaa chai. Nampima mtoto uzito, urefu na kichwa, naandika kwenye kitabu chake, basi. Mara nyingi nilipofika nilimkuta Hosiyat ameshatangulia, amekaa kando ya beshiki kama mwenye nyumba, na mama wa mtoto ananiangalia mimi kama mtu wa kukata tiketi.

Ila nikimsema vibaya nitakuwa mwongo. Alikuwa mjane mwembamba mwenye meno sita ya dhahabu, aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha hariri, na alikuwa mdadisi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Aliniuliza kwa nini utosi wa mtoto unadunda. Aliniuliza watoto wanaota nini ilhali hawajaona kitu bado. Nikimjibu "sijui," ananiangalia kwa huruma, kana kwamba ada yangu ya chuo imeliwa bure.

Mtoto katika beshiki hulazwa chali, mikono ubavuni, akafungwa kwa vitambaa viwili vipana, kimoja kifuani na kimoja miguuni. Chini pana tundu na kibomba cha mbao cha kupitishia mkojo, cha wavulana mbali na cha wasichana mbali, na ole wako uvichanganye. Juu pana mti uliolala kutoka kichwani hadi miguuni. Hapo hutandazwa shuka za kufunika beshiki, hapo hutundikwa shanga za kuzuia kijicho, na hapo mama hujiegemeza akamnyonyesha mtoto bila kumfungua. Hosiyat alikuwa na mchezo wake akimaliza kufunga. Anaziba mdomo kwa ncha ya mtandio, anainama mpaka karibu, kisha anaushusha mtandio na meno sita yanawaka. Watoto wa miezi miwili, mitatu, walikuwa wakicheka hadi kwikwi inawashika.

Basi akazaliwa Ulmas. Alikuwa mjukuu wa kwanza wa Oyimkhon, mama mwenye nyumba ya lango la bluu, mwanamke ambaye hata mbwa wa jirani humnyamazia. Mwanawe mkubwa, Sanjar, alikuwa Urusi akijenga maghorofa ya watu. Mkewe, Gulchiroy, alitoka kijijini Uchkuprik, miaka ishirini, mpole, mwenye mazoea ya kuanza kila sentensi kwa kuomba radhi. Mtoto alikuwa mzuri, mnene, na analala. Hakusumbua mtu. Majirani wote walisema Gulchiroy ameokota dodo, maana wenzake walikuwa wanakesha.

Mtoto alipofika mwezi wa tatu Hosiyat alikuja kukaza vitambaa, mimi nikiwepo na mizani yangu. Akacheza mchezo wake wa mtandio. Mtoto hakumwona. Macho yalimpita pembeni, yakaenda kwenye shanga, yakabaki huko. Hosiyat akarudia, akasogea kushoto, akasogea kulia. Hakuna kitu. Tulipotoka uani aliniambia, "Leo meno yangu yameshindwa na shanga." Nikacheka, na yeye akacheka.

Mwezi wa nne ndio unaonichoma hadi leo. Tulikuwa watatu chumbani. Gulchiroy alimaliza kunyonyesha, akajiinua kutoka kwenye ule mti, akasema taratibu, "Samahani, bibi. Nikimnyonyesha haniangalii. Ananyonya huku anatazama juu. Ni kawaida?"

Hosiyat aliweka kiganja mdomoni mwa yule binti. Namaanisha aliziba mdomo kweli, kwa mkono. "Mwanangu, anayetafuta kasoro kwa mtoto wake huipata," akasema. "Umepewa mtoto mtulivu, shukuru, unyamaze."

Kwetu ndivyo ilivyo. Kasoro ya mtoto haitamkwi mbele ya beshiki, maana kuitamka ni kuikaribisha. Gulchiroy akanyamaza. Mimi nikampima mtoto, kilo saba kasoro kidogo, nikaandika: mzima. Kisha nikanywa chai.

Alipofika miezi kumi likatokea jambo la beshiki tupu. Gulchiroy alikuwa anamenya karoti za pilau, mtoto yuko mkekani anazungusha kifuniko cha birika, na mguu wa mama, wenyewe tu, ukawa unabembeza beshiki isiyo na mtu. Oyimkhon akaingia. Hakuna mwanamke wa bonde hili asiyejua kwamba beshiki tupu haibembezwi, kwa sababu unaibembezea balaa. Kelele zilifika mpaka kwangu, na mimi nakaa ng'ambo ya mfereji. Kuku akachinjwa, nyumba ikafukizwa moshi wa majani makavu, na yakaisha. Tulidhani yameisha.

Mwaka ukafika, Ulmas haitiki akiitwa. Haonyeshi kitu kwa kidole. Miaka miwili ikafika, hajasema hata "mama." Anatembea kwa ncha za vidole. Anapanga kokwa za aprikoti mstari mmoja kutoka langoni mpaka kwenye tanuri la mikate, na ukipiga moja teke atalia hadi atapike. Watoto wa mtaani walimwita kiziwi. Kiziwi gani anayesikia mkokoteni wa muuza maziwa kabla ya mbwa? Mimi niliona hayo nikajiambia atabadilika. Oyimkhon alisema hata Sanjar alichelewa kusema. Baadaye akaita shekhe amsomee. Baadaye tena, siku moja akiwa anakunja shuka, alikumbuka beshiki tupu, na kuanzia hapo hakukumbuka kitu kingine.

Alipokaribia miaka mitatu mimi na Gulchiroy tulimpeleka kwa daktari wa watoto mjini Ferghana. Daktari yule alivua viatu akakaa sakafuni na mtoto karibu saa nzima, halafu akamgeukia mama na maswali. Alianza lini kukutabasamia? Alikuwa akikufuata kwa macho? Ukimnyonyesha, alikutazama? Alibwabwaja kama anaongea na wewe, au aliongea peke yake? Gulchiroy alijibu kila swali bila kufikiri, na sikuelewa kwa nini machozi yalikuwa yanamtoka kwa maswali mepesi namna ile. Daktari akasema ni usonji. Akasema mtoto huzaliwa nao, hauletwi na beshiki wala maziwa wala mshtuko, na kwamba hakuna dawa ya kumeza lakini kuna mengi ya kufanya, na yaanze leo.

Nilimweleza Oyimkhon neno kwa neno. Alisikia moja tu, kwamba hakuna dawa. Akaenda kabatini, akarudi na kitabu cha mtoto, akakifungua mbele yangu.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, mama."

"Mara kumi na moja umeandika mzima. Kwa hiyo alizaliwa mzima. Basi aliyemharibu ni aliyebembeza beshiki tupu."

Wiki ile ile mambo yakapangwa. Jumapili kaka zake Gulchiroy wangekuja kumchukua, yeye na mtoto, warudi Uchkuprik. Sanjar atatafutiwa mke mwingine. Aliulizwa kwa simu, akasema mama ndiye anayejua. Ningekuwa karibu na Urusi ningempiga kofi. Huko kwao Gulchiroy hakuwa na chumba, baba alishafariki, kaka wawili na wake zao walibanana vyumba viwili. Alikuwa amekalia kuti kavu, na alijua.

Nikaenda kwa Hosiyat. Nilikwenda kulia tu, sikuwa na mpango. Nilipomsimulia maswali ya daktari alisimamisha birika hewani. Akaniambia niyarudie, moja moja. Nikarudia. Na kwa kila swali alijibu yeye, kama vile aliyeulizwa ni yeye.

"Kutabasamu: hakutabasamu. Kufuata kwa macho: nilisogea kushoto na kulia, unakumbuka. Kubwabwaja: alikuwa anaguna tu, sauti ileile." Akatua birika, kisha udadisi wake ukamshinda hata katika huzuni. Alitaka kujua kama kila mtoto mtulivu ana jambo. Nikamwambia hapana, watulivu wengi ni watulivu tu, na wapo wenye usonji wanaolia usiku kucha. Alitaka kujua mtoto anayetazama shanga anaona nini ndani yake. Nikamwambia daktari hakusema. Akaanza kuwapitia kichwani watoto aliowafunga kwa miaka arobaini, mtaa kwa mtaa. Yule wa mwoka mikate aliyekuwa akipeperusha mikono. Yule wa nyuma ya msikiti aliyekuwa akigeukia ukutani kila akibebwa, sasa ni fundi saa, hana mke, hana neno na mtu. Alikuwa anawaona upya, na niliogopa jinsi macho yake yalivyokuwa makali.

Mwishowe akasema, "Beshiki tupu ilikuwa ana miezi kumi. Meno yangu yalikuwa ana mitatu."

Nikamwambia, basi kaliseme hilo. Akanijibu kwamba Jumamosi, siku moja kabla ya kaka hao kufika, ameitwa nyumba ile ile kumfunga binti mchanga wa mtoto wa pili wa Oyimkhon. Wanawake wa mtaa mzima watakuwepo. "Nikilisema," akaniuliza, "nani ataniita tena?" Alikuwa anaipenda kazi ile kuliko kitu chochote alichobakiwa nacho.

Jumamosi tulijaa chumbani magoti yakigusana. Peremende zilimwagwa, bibi wa upande wa mama akapakwa unga usoni kuleta heri. Gulchiroy alikuwa jikoni kwa amri. Mkono wake usiguse beshiki wala mtoto. Hosiyat akamlaza yule binti kinyume, kichwa kwenye miguu, akauliza wanawake kama desturi inavyotaka, "Hivi?" Wote wakapiga kelele hapana. Akamgeuza vibaya tena, akauliza tena, watu wakacheka. Mara ya tatu akamlaza sawa, akafunga kifua, akafunga miguu, akakaza mafundo. Hapo mfungaji huomba dua na watu husema amina. Mikono ilikuwa imeshainuliwa.

"Shusheni mikono kwanza," Hosiyat akasema. "Nina jambo."

Akamtazama Oyimkhon. "Mjukuu wako Ulmas hakuharibiwa na mtu. Nilimwona na miezi mitatu hatazami uso. Miezi saba kabla ya beshiki tupu."

"Ulijua ukaninyamazia?" Oyimkhon aliuliza, polepole kuliko kawaida yake.

"Sikujua. Niliona, nikacheka. Aliyejua ni mama yake. Aliniuliza mtoto akiwa na miezi minne, nikamziba mdomo kwa mkono huu. Kama kuna mtu wa kurudishwa kwao kesho, nirudisheni mimi."

Ilikuwa zamu yangu. Nilisimama nimeshika bega la mwanamke wa mbele yangu, nikasema kitabu kile ni changu, na neno mzima nililiandika kwa kuangalia kilo tu, na swali la Gulchiroy nililisikia kwa masikio yangu haya. Sauti yangu ilitoka kama ya mbuzi. Nilikaa chini.

Oyimkhon hakupiga kelele. Aliinama, akafungua mafundo ya Hosiyat moja baada ya jingine, akampa shemeji yake amfunge mtoto upya. Kwetu hakuna tusi kubwa zaidi ya hilo. Hosiyat akanyanyuka, akatafuta viatu vyake mlangoni kati ya viatu arobaini, na watu wote tukamsubiri avipate. Akaondoka bila kitambaa chake na bila mikate.

Jumapili kaka wawili wakafika na gari la kuazima. Nilijipitisha langoni mara tatu, niseme nini, nilitaka kujua. Oyimkhon aliwakaribisha, akawapikia pilau, akawauliza habari za pamba, za ng'ombe, za mvua. Birika la kwanza, la pili, la tatu. Kaka wakawa wanatazamana. Jua lilipoanza kushuka aliwafungia mikate kwenye kitambaa, akawaambia wamsalimu mama yao, wamwambie mjukuu wake anakula vizuri. Ndilo neno pekee alilosema juu ya jambo lile, siku ile na hadi leo. Gari likarudi na watu wale wale wawili.

Hosiyat alilipa. Nyumba ile haikumwita tena, na mwaka wa kwanza hata nusu ya mtaa haikumwita. Mfungaji gani huyo anayetangaza kasoro za watoto? Yeye akapata kazi nyingine isiyo na sahani ya pilau. Kila alasiri aliingia kwa mlango wa nyuma wa Oyimkhon, ambaye alijifanya haoni, akakaa sakafuni hatua moja kutoka kwa Ulmas, na kokwa zake mwenyewe za aprikoti. Hakumgusa wala kumwita. Anapanga zake, mtoto anapanga zake. Mwezi wa nane wa kazi hiyo Ulmas alichukua kokwa moja ya kwake akaiweka kiganjani mwa Hosiyat bila kumtazama. Hosiyat alikuja kunieleza mbio, na mtandio umemwanguka njiani.

Gulchiroy alikuwa akichora. Kikombe, mkate, lango, choo, kila kitu kwenye kadi, ili mtoto aonyeshe anachotaka. Alipokuwa na miaka minne Ulmas alinishika mkono akaupeleka kwenye mtungi wangu wa jamu, na sijawahi kuibiwa jamu kwa furaha namna ile. Karibu na miaka mitano akasema neno lake la kwanza, "fungua," akiliambia lango. Lango lilifunguliwa siku ile mara sitini. Baadaye maneno yakaja kwa mafungu, mengi ya kurudia ya wengine, kisha ya kwake. Akasoma namba za magari kabla ya kusoma majina. Tarumbeta ndefu za harusi zikilia anaziba masikio na kujificha kwenye banda la ng'ombe, na sasa wenye harusi wa mtaa wetu humpelekea taarifa mapema. Sanjar alirudi mwaka ule wa tano, akakaa. Sijamsamehe bado, ila anajitahidi.

Ulmas alianza shule akiwa na miaka saba, ana shati jeupe na maua aliyokataa kumpa mwalimu kwa sababu yalikuwa tisa, idadi aliyoipenda. Wiki ile tulikaa uani, Gulchiroy, Hosiyat na mimi, chini ya mizabibu. Gulchiroy siku hizi haanzi sentensi kwa kuomba radhi. Alimmiminia Hosiyat chai nusu kikombe, kama kwetu humiminiwa mgeni wa heshima, kisha akamuuliza jambo ambalo nadhani alilibeba miaka yote hiyo.

"Bibi, siku ile ungeniacha niseme, ingekuwaje?"

Hosiyat alifikiri. Alikuwa hawezi kudanganya kwenye swali zuri. "Daktari angemwona mapema," akasema. "Huenda mtoto angesema mapema, huenda asingesema. Na wewe ungeanza kulia miaka miwili na nusu kabla."

"Nililia miaka hiyo yote, bibi. Nilikuwa nalia kwenye beshiki nikiinama kumnyonyesha, shuka zinanifunika, hamnioni. Ningelia vilevile. Ila ningekuwa na mtu."

Hosiyat aliweka kikombe chini. Hakuomba msamaha, na nilishukuru, kwa sababu ungekuwa mdogo mno. Akasema, "Niambie. Uliona nini kingine? Tangu siku ya kwanza."

Gulchiroy akaanza. Namna mtoto alivyokuwa mzito akibebwa, hajishiki. Namna alivyonyamazia taa kuliko sauti ya mama yake. Wimbo mmoja tu aliokuwa akitulia nao, na jinsi mama alivyouimba hadi sauti ikakauka, kwa sababu ulikuwa mlango pekee alioupata. Alikumbuka mwezi, siku, na nguo aliyokuwa amevaa. Chai ilipoa tukamwaga, ikapoa tena. Nilitoa daftari nikaandika mpaka nikakosa kurasa, nikaendelea nyuma ya jalada.

Mtoto yule nilimpima mara kumi na moja. Mama yake alikuwa amekaa mbele yangu mara zote kumi na moja, na sikuwahi kumuuliza kitu.